Chupa Kabla ya Farasi

Kwa miaka sita Chileshe Liévin alikuwa kauboi, na katika miaka hiyo sita hakupanda farasi hata siku moja. Alipanda baiskeli.

Padri Odilon, Mompe kama watu walivyomwita, aliyetengeneza filamu za kauboi huyo, alimpiga picha kuanzia kiunoni kwenda juu: kofia pana, leso nyekundu shingoni, mikono miwili iliyoshika hatamu. Hatamu zenyewe zilikuwa kamba za kufungia mizigo, zimefungwa kwenye usukani wa baiskeli ya misheni. Wanaume wawili waliisukuma baiskeli juu ya ardhi yenye mashimo ili kauboi arukeruke vizuri. Nyuma yake vilipita vichuguu virefu vya barabara ya Kasenga, na ndani ya filamu vichuguu hivyo vilikuwa milima ya Amerika. Padri alikuwa na shida moja tu: kuhakikisha bomba la moshi la kiwanda cha shaba halichungulii nyuma ya Amerika yake.

Filamu nyingi za bastola kutoka ng'ambo hazikuruhusiwa kuonyeshwa watu weusi. Wakubwa wa Kibelgiji mjini Élisabethville waliogopa kwamba mtu mweusi akimwona mtu anapiga risasi atapata mawazo. Kwa hiyo Padri alitengeneza kauboi wake mwenyewe, mweusi, mwenye bastola ya mbao, asiyeua. Kauboi huyo alirudisha mbuzi walioibwa. Alimfunga mwizi kwa kamba akampeleka kwa msimamizi. Mwishoni mwa kila filamu alivua kofia mbele ya mlango wa kanisa.

Watu walimpenda hivyo hivyo. Kamyo ya misheni ilipoingia mtaa wa Cité Albert, au kambi za wafanyakazi, au hata Mokambo kule mpakani, na shuka jeupe likatundikwa kati ya miti miwili, jina moja tu ndilo lililoitwa: Kaboyi. Wanawake waliacha sufuria zao mekoni. Wazee walikuja na viti vyao vichwani.

Filamu hazikuwa na sauti. Picha zilipita kimya, na mtu alisimama kando ya shuka, mikro mkononi, akiwaeleza watu kwa Kiswahili chetu kile walichokuwa wakikiona. Mtu huyo aliitwa Kapya.

Kapya alikuwa wa ukoo wa Chui. Chileshe alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Chui humla mbuzi, na kwa sababu hiyo koo hizi mbili ni banungwe, watani wa kuzaliwa. Munungwe wako anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako. Anaweza kuchukua nyama kwenye sahani yako. Siku ya kilio chako atavaa koti lako, atatembea kama ulivyokuwa ukitembea, na watoto wako watacheka huku machozi yakiwatoka. Kaburi lako atachimba yeye. Wewe hukasiriki. Anayemkasirikia munungwe amejivua nguo mbele ya watu. Amesema kwamba kwao hakufundishwa kitu. Wala hakuna baraza linalopokea kesi ya munungwe dhidi ya munungwe. Wazee watacheka, na wakishacheka kesi imekwisha.

Sasa mpe mtu kama huyo mikro.

"Muangalie kaboyi yetu!" Kapya alisema, sauti ikitoka kwenye vipaza viwili juu ya kamyo. "Anafuata mwizi. Anafuata polepole, juu tumbo inamuuma. Ba mama, nani alipatia hii mbuzi maharagi ya jana?"

Watu walianguka kwa kicheko.

"Anaangalia mbali. Anaangalia nini? Anaangalia kama bibi yake alishapika. Hana bibi! Nani atamukubali na ile miguu ya kuku?"

Chileshe alikaa kwenye benchi la mbele, akacheka kama wengine. Alionyesha meno yote. Hakuna aliyejua kwamba kule kwenye vichuguu alicheza kila kitu kwa moyo mmoja. Kwamba asubuhi alisimama mbele ya kipande cha kioo akijifunza kutazama mbali kama mtu aliyepoteza ndugu. Kwamba kila filamu aliitengeneza mara moja kwa mwili wake, na kila Jumamosi Kapya akaivunja kwa mdomo.

Mtu mmoja hakucheka. Angélique alikuwa binti wa karani mmoja kutoka Kasai, na alishona katika chumba cha masista. Suruali ya kauboi aliishona yeye, kutoka pazia kuukuu, na sehemu ya kukalia aliishona mara tatu.

"Juu ya nini mara tatu?" Chileshe alimuuliza siku ya kuijaribu.

"Juu ya siku utapata farasi," alisema Angélique.

Baadaye alimwambia kwamba kwenye filamu yeye huziba masikio. "Ninaangalia macho yako tu. Kapya aseme yake. Macho yako haisemi bongo, inasema kweli."

Baba yake, Monsieur Antoine, alivaa tai hata siku ya kufua. Wadogo zake wawili waliuawa na lutuku, ile pombe kali inayopikwa kwa siri nyuma ya nyumba. Mmoja alimkuta asubuhi ndani ya mfereji, mdomo umejaa siafu. Alimuuliza mchumba wa binti yake swali moja tu.

"Unakunywa?"

"Hapana, tata."

"Hata kidogo?"

"Hata Noeli."

Ilikuwa kweli. Ndoa ikapangwa mwezi wa kumi, mwaka 1954.

Mwezi wa saba mwaka huo huo farasi akapatikana. Wazungu wenye farasi zao upande wa mjini walimwazima Padri jike mzee, wa rangi ya kahawia, jina lake Duchesse. Kwa majuma mawili Chileshe aliamka kabla ya jua, akaenda kuzoa mavi ya farasi hao wote ili aruhusiwe kujifunza juu ya mmoja. Aliumwa begani. Alianguka mara nne kwenye majani. Siku ya kumi Duchesse alianza kugeuza shingo alipomsikia akija.

Siku ya kupiga picha Padri alipanda juu ya kichuguu na kamera yake. "Leo, Liévin," aliita, "leo nakupiga mzima, na miguu yote!"

Chileshe alipanda. Alitoka kwenye mti wa mbali akaja mbio mpaka chini ya kamera, vumbi nyuma yake, kofia kichwani, mgongo umenyooka, na watu wa misheni waliozoea kusukuma baiskeli walisimama mikono ikining'inia, hawana kazi. Hakuna aliyesema neno. Kapya pia hakusema neno.

Padri alitaka mara ya pili, yenye vumbi zaidi. Akampa Kapya tawi kubwa lenye majani, asimame kando ya njia apige ardhi ili vumbi lipande. Chileshe akaja tena. Alipofika mbele ya Kapya, tawi halikupiga ardhi. Lilimpiga farasi kwenye paja, kwa nguvu zote za mikono miwili, na Kapya akapiga kelele: "Chui!"

Duchesse alisimama kwa miguu ya nyuma. Chileshe alitoka juu kama gunia linavyotoka juu ya kamyo, nyonga ikafikia kwenye jiwe.

Watu walicheka. Sharti useme kweli: walicheka, kwa sababu aliyepiga ni Chui na aliyeanguka ni Mbuzi. Walicheka mpaka walipoona kwamba mguu mmoja unatazama upande wake na mwingine unatazama upande mwingine.

Padri, jicho lake likiwa ndani ya kamera, aliona tu kilichokuwa ndani ya picha. Kapya alikuwa hatua moja nje.

Hospitalini Kapya alikuja siku ya tatu na karanga za kuchemsha. "Ah, mbuzi haijakufa? Na miye nilishaanza kuchimba!" Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Chileshe alicheka pia, na kila alipocheka mfupa ulimchoma hadi kwenye meno. Kapya alikula karanga mwenyewe, akaacha maganda juu ya shuka.

Siku ya ishirini alikuja Padri, na kamera, na chupa tupu.

"Liévin, mwanangu," alisema, kwa kile Kiswahili chake cha kitabuni. "Daktari anasema hutapanda tena. Filamu ya farasi haiwezi kumalizika. Lakini mwanguko ule! Sijapata kuona mwanguko mzuri namna ile. Ni dhambi kuutupa. Nimefikiri somo." Alitundika blanketi nyuma ya kitanda ili ukuta usionekane, akamvika mgonjwa kofia, akamfunga leso. "Shika hii. Inua. Hapana, usiitazame. Kunywa."

"Mompe, ni ya nini?"

"Ni kwa faida ya wengine."

Chileshe alielewa. Hakuwa mjinga, na alikuwa amemwona Padri mara nyingi akikata vipande vya filamu kwa mkasi na kuviunga kwa gundi. Lakini alihesabu pia kitanda, na fimbo mbili zilizokuwa zinamngojea chini ya kitanda, na miaka sita. Kama angekataa, kauboi angeishia pale, chini ya shuka la hospitali. Akainua chupa. Akanywa hewa. Na kwa kuwa alikuwa mwigizaji kweli, alifanya koo lipande na kushuka.

"Vizuri sana!" alisema Padri.

Akaenda nyumbani, akaunga chupa kabla ya farasi.

Filamu ilionyeshwa Cité Albert Jumamosi iliyofuata, Chileshe akiwa bado kitandani. Kauboi anakunywa. Kauboi anakuja mbio. Kauboi anaanguka. Kule kwenye mikro Kapya hakuhitaji kutafuta maneno. "Kunywa, Kaboyi! Kunywa! Maliza yote, usiachie bakubwa!" Watu wakaitikia. Kufikia Jumatatu ilikuwa salamu ya mji. Wapagazi waliitana hivyo sokoni. Mke akimwona mume anachelewa kurudi alisema ameenda kwa Kaboyi.

Monsieur Antoine alifika hospitalini na kofia yake mkononi. Hakukaa.

"Niliona na macho yangu."

"Tata, farasi ilipigwa. Kapya njo mwenye aliipiga."

"Siulizi farasi. Ninauliza chupa. Ulishika?"

"Ilikuwa tupu, tata."

"Ulishika?"

"Nilishika."

Monsieur Antoine aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesoma barua aliyojua tayari imeandikwa nini. "Wadogo zangu pia baliniambia kila siku chupa iko tupu," alisema. "Na ilikuwa tupu kweli. Au revoir."

Ndoa ilikuwa imekufa pale pale. Angélique ndiye aliyeinyanyua. Hakulia mbele ya baba yake, kwa kuwa machozi kwake hayakuwa na bei. Alijadiliana naye siku tisa mfululizo, akishona. Alisema uongo umesemwa mbele ya watu, basi mwenye kuukana apewe watu wale wale. Siku ya kumi Monsieur Antoine alisema hivi, na Angélique akampelekea Chileshe neno kwa neno:

"Akamate ile mikro. Filamu ipite, na yeye mwenyewe aseme chupa ilitoka wapi na nani alimupatia, na Mompe akiwa pale anasikia. Kama Mompe hakatai, nitatoa binti yangu. Kama Chileshe hasemi, nisimuone tena kwa mulango yangu."

"Utasema?" Angélique aliuliza.

"Nitasema."

"Chupa kwanza. Kapya na farasi yake, hiyo ni maneno yenu ba Mbuzi na ba Chui, tata hajali. Chupa."

"Nimesikia. Chupa."

Kapya aliombwa mikro, akaitoa haraka kuliko inavyofaa. "Chukua! Miye nitakaa na bantu, nitakula karanga, nitapumzika. Lakini usiniharibie kazi. Bacheke!"

Padri naye alifurahi. Alidhani Chileshe anataka kuigiza mlevi anayetoa ushuhuda. "Wewe mwenyewe!" alisema, akimshika mabega. "Watakuamini kuliko mtu yeyote. Na usihofu kuhusu kesho, Liévin. Mguu hauna haja ya kuwa mzima ili mtu afanye kazi kwangu." Chileshe alifungua mdomo amsahihishe. Alisema, "Asante, Mompe."

Jumamosi iliyofuata, Chileshe akiwa ameshatoka hospitalini, uwanja ulijaa mpaka juu ya paa za nyumba za jirani. Giza lilikuwa limeanza tu kushuka. Monsieur Antoine alikuja na kiti chake na tai yake, akakaa safu ya tatu, binti yake kando. Kapya alikaa chini mbele, miguu imenyooshwa, na mfuko wa karanga. Padri alisimama karibu na mashine, na mwanga wa mashine ulikuwa ndani ya miwani yake.

Chileshe alikwenda kwenye shuka kwa fimbo zake mbili. Watu waliposikia zile fimbo, tok, tok, wakapiga makofi. Alishika mikro. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri, na bado ilikuwa na joto la mkono wa Kapya.

Kauboi mkubwa kama nyumba alitokea kwenye shuka, na chupa.

Hapo ndipo pa kusema. Maneno alikuwa nayo; alikuwa ameyarudia siku nne mbele ya kile kipande cha kioo. Mimi ni Chileshe. Hapa niko hospitali. Nyuma yangu ni blanketi. Hii chupa nilipewa na Mompe, na haikuwa na kitu. Ni sentensi nne fupi. Alimtazama Angélique, ambaye kwa mara ya kwanza hakuziba masikio. Mikono yake ilikuwa mapajani. Halafu akamtazama Padri. Padri alimtabasamia akatikisa kichwa, taratibu, kama anavyomtikisia mtoto anayesahau katekisimu, kumtia moyo.

Kwenye shuka chupa ilipanda. Koo lilipanda na kushuka.

Mikro ilitoa sauti ya pumzi tu.

"Kunywa, Kaboyi!" mtu akaita kutoka nyuma, akimsaidia. Kisha uwanja mzima: "Kunywa! Kunywa! Kunywa!" Chupa ikaisha. Chupa ikapita. Padri alikuwa bado anatabasamu.

Na farasi alipotokea, ulimi wa Chileshe ukafunguka wote kwa pamoja.

"Muone!" alipaza sauti. "Muone, ninapanda! Ile farasi jina yake Duchesse. Nilijifunza siku kumi na ine. Sikuanguka juu ya kunywa! Pale, pembeni, pale hamuoni, kulikuwa Kapya. Kapya wa Chui! Alishika muti na mikono mbili, alipiga farasi. Yeye njo alinivunja!"

Kisha kicheko kikapanda, kikubwa kuliko vicheko vyote ambavyo Kapya alikuwa amevipata kwa miaka sita. Mbuzi anamshtaki Chui! Kwa mikro! Mbele ya Mompe! Wazee walishikana mabega. Kapya alisimama, akawageukia watu, akainamisha kichwa kama mfalme, akanguruma, na kucha zake zikapapasa hewa.

"Si butani!" Chileshe alilia. "Ninasema kweli! Muangalie mguu!"

"Anaonyesha mguu!" walisema watu, machozi yakiwatiririka. "Mbuzi anauzisha mguu!"

"Ninaapa kwa mama yangu!"

"Anaapa! Ah, tumekufa, anaapa!"

Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyokuwa mzuri. Nani aliwahi kumwona munungwe anayeigiza hasira vizuri vile? Kwenye shuka nyuma yake kauboi alianguka, mkubwa, bila sauti, na mke wa fulani na mume wa fulani walishikiliana wasianguke pamoja naye.

Monsieur Antoine hakucheka. Alisimama, akakunja kiti chake, akatoka kati ya safu akiwaomba watu radhi mmoja mmoja.

Angélique alimngojea Chileshe nyuma ya kamyo.

"Nilikuwa ninangojea chupa," alisema.

"Nilisema kweli. Bantu bote balisikia."

"Ulisema kweli ya Kapya. Kapya atakufanya nini?"

"Mompe alikuwa pale, Angélique. Alikuwa ananiangalia."

"Ndiyo. Na tata yangu alikuwa pale. Na miye nilikuwa pale." Alimtazama usoni kwa muda mrefu, pale kwenye macho aliyokuwa akiyaangalia miaka yote ile. "Kumbe kule mbali ulikuwa unaangalia kamera tu," alisema. Akamfuata baba yake. Mwezi wa kwanza aliolewa na mtu wa kwao, Désiré, mpimaji wa barabara, na akashona gauni lake mwenyewe.

Padri alikuwa amesikia kicheko kile. Kabla ya Jumapili kuisha alimwambia Kapya kwamba misheni inamshukuru kwa huduma yake, na mikro ikapewa Chileshe.

Ndivyo alivyoanza kazi yake kubwa. Mpaka leo wazee wa Kamalondo, ndiyo Cité Albert ya zamani, wakimtaja Kaboyi hawasemi habari za bastola wala vichuguu. Wanasema ile sauti.

Kapya alipata kazi ya kufagia reli. Miezi minane baadaye, Jumapili mchana, alikuja kwa Chileshe, Cité Albert. Alivua kofia mlangoni. Chileshe alikuwa nje, mguu mbovu juu ya kibao, akila muhogo, na alitegemea mkono wa Kapya uje moja kwa moja kwenye sahani yake kama desturi ilivyo. Haukuja. Kapya alikaa chini, kwenye vumbi, magoti pamoja, akapiga makofi taratibu kama mtu anavyomsalimu mkubwa.

"Ba Chileshe," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Nimekuya kwa ile maneno ya farasi. Haikuwa butani."

Chileshe aliacha kutafuna.

"Ilikuwa nini?"

"Miaka sita nilikusemea mbele ya bantu. Siku ile ulikuya mbio, na niliona hakuna kitu ya kusemea. Bantu bangekuangalia tu, bangenyamaza." Kapya alikuwa anaongea na ardhi. "Mikro ingekuwa ya kazi gani? Nilipiga farasi juu ya hiyo. Silali muzuri. Ninaomba musamaha, kwa kweli, hapana kwa kicheko."

Lilikuwa jambo lile lile Chileshe alilolililia mbele ya uwanja mzima: mtu mmoja tu aseme kwamba ni kweli. Sasa mtu huyo alikuwa amekaa mbele yake, na ni yule yule. Angeweza kuweka sahani chini. Angeweza kunyoosha mkono.

Alianza kucheka.

"Chui inalia!" alipaza sauti, akigonga fimbo kwenye kibao. "Kuyeni muone! Ba Chola! Mama Delphine! Muache kazi zenu, kuyeni! Chui inapigia mbuzi magoti!"

Majirani walitoka. Mama Delphine alikuwa bado ana povu la sabuni mikononi. Walimwona Kapya mavumbini, kofia mkononi, wakaelewa mara moja, na wakashika mbavu.

"Ni kweli," alisema Kapya. "Bantu bangu, ni kweli. Nilimuvunja mimi."

"Anasema ni kweli!"

"Chui anaungama! Mumuletee padri!"

Kapya aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta uso usiocheka. Hakuupata. Uso wa mwisho aliouangalia ulikuwa wa Chileshe, na huo ulikuwa unacheka kuliko yote, meno yote nje, machozi yakishuka hadi kwenye ndevu. Basi Kapya naye akacheka, kwa kuwa mtu aliyefundishwa kwao hana njia nyingine. Alicheka kama anayekohoa mfupa. Akainuka, akachukua kipande cha muhogo kwenye sahani, akala.

Tangu siku hiyo Chileshe hakukosa kumwita. Kamyo ikienda kambini, Kapya anaitwa. Ikienda Mokambo, anapandishwa nyuma pamoja na viti. Munungwe hakatai; akikataa, mji utasema amekasirika. Filamu ni ile ile, imekwaruzika sasa, mvua ya mikwaruzo inanyesha juu ya kauboi. Chupa inapotokea, Chileshe hasemi kitu. Anaachia watu waimbe wenyewe: kunywa, kunywa. Halafu farasi anakuja, na Chileshe anaeleza kila kitu, polepole, bila kuongeza neno hata moja la uongo: siku ilikuwa gani, tawi lilikuwa na unene gani, mikono ilikuwa mingapi. Anataja jina la baba yake Kapya na la mama yake. Anamwambia asimame, watu wamwone.

Kapya anasimama. Amezeeka kabla ya wakati, sauti imekauka kwa vumbi la reli. Anainua kucha zake, ananguruma. Uwanja unapasuka.

Chileshe anangoja kicheko kitulie. Anaegemea fimbo zake, analeta mikro karibu na midomo.

"Rudia, Chui," anasema kwa upole. "Ba nyuma habakusikia."